Darasa la Nyumbani: Askari, Mwanawe na Uchaguzi wa Mtaala

Siku ya kazi, saa nne ya asubuhi, Nateete huwa imekwisha kuamka zamani. Magari yaendayo Masaka yamesongamana penye mzunguko wa barabara, wauza matoke wamekwisha kushusha mikungu sokoni, na bodaboda hupenya pale ambapo gari haliwezi kupita. Watoto wa umri wa kusoma huonekana wachache njiani, kwa maana wengi wao wako madarasani.

Tuchukue mfano wa konstebo mmoja wa doria apitaye kichochoroni, upande wa kuelekea Wakaliga. Anatupa macho uani na kumwona msichana wa miaka kumi na mmoja ameketi barazani. Mbele yake pana meza ndogo, kitabu cha hesabu, na mizani ya kupimia maharage. Mama yake anafua nguo karibu naye.

"Habari za asubuhi, nnyabo," asema konstebo. "Mtoto huyu mbona hayuko shuleni?"

"Nzuri, afande," ajibu mama. "Anasoma. Shule yake ni hapa nyumbani. Baba yake ni mwenzenu, yuko kazini Karamoja."

Konstebo afanye nini? Asadiki na kwenda zake? Au adhani kwamba mtoto yule amezuiliwa nyumbani ili auze maharage? Mfano huu ni wa kubuni, lakini swali lake ni la kweli, nalo linawahusu askari kwa njia mbili. Kwanza, askari ni mlinzi wa watoto wa wananchi wote. Pili, yeye mwenyewe ni mzazi, na kazi yake ya kuhamishwa mara kwa mara yaweza kumfikisha siku moja kwenye fikira ya kumsomesha mwanawe nyumbani. Kwa hiyo yafaa tulitazame jambo hili kwa utulivu: maana yake, sheria yake, mitaala yake, na maisha yake ya kila siku.

JAMBO LA ZAMANI

Kusomesha nyumbani si kumwajiri mwalimu wa jioni amrudishie mtoto masomo aliyokwisha kuyapata shuleni. Ni mzazi mwenyewe kuubeba mzigo wa mwalimu: kuchagua mtaala, kupanga ratiba, kufundisha, kusahihisha, na kujibu kwa matokeo.

Wapo wanaodhani kwamba hiyo ni desturi ngeni iliyoletwa juzi na matajiri. Kwa Nateete dhana hiyo si sahihi. Katika karne ya 19, zama za Kabaka Muteesa wa Kwanza na Kabaka Mwanga, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa Pwani walikuwa na makazi yao pande hizo. Hapo hapo Nateete ndipo alipoishi Alexander Mackay, fundi mitambo kutoka Scotland, aliyefika Buganda mwezi Novemba 1878 akitumwa na chama cha misheni cha CMS. Vitabu vya kwanza alivyosomea watu vilikuwa vya Kiswahili, vilivyofasiriwa Unguja na Askofu Edward Steere. Baadaye alichonga herufi kwa mkono wake na kuchapa karatasi za kusomea za Kiganda.

Hapakuwa na shule wakati huo kama tuzijuavyo leo. Watu walikuja nyumbani kwa Mackay, wakajifunza herufi, kisha wakaenda kuwafundisha wenzao majumbani mwao. Waliitwa "abasomi", yaani wasomaji. Elimu hiyo haikuwa mchezo: tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu waliokuwa pamoja na misheni hiyo waliuawa Busega, mwendo mfupi kutoka Nateete.

Na Mackay mwenyewe je? Yeye, aliyezaliwa mwaka 1849, alisomeshwa nyumbani na baba yake, mchungaji wa kijiji cha Rhynie, mpaka alipokuwa na umri wa miaka kumi na minne. Ndipo alipopelekwa shule ya Aberdeen mwaka 1864, na baadaye akasomea ualimu na ufundi mjini Edinburgh. Tukumbuke vema mpango huo. Baba alimfundisha nyumbani, lakini alimfundisha kwa namna ambayo siku ya kwenda shuleni ilipofika, mlango wa shule haukumshinda mtoto. Fundisho hilo ndilo tutakalolirudia katika makala hii.

TAIFA ZIMA NYUMBANI

Twaweza pia kukumbuka jambo la karibu zaidi. Mwezi Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, shule zote za Uganda zilifungwa. Wanafunzi takriban milioni 15 walirudi nyumbani. Madarasa ya mitihani yalifunguliwa tarehe 15 Oktoba 2020, na mengine yakafuata kwa zamu mwaka 2021. Lakini mwezi Juni 2021 shule zikafungwa tena. Zilifunguliwa kwa wote tarehe 10 Januari 2022. Hakuna nchi nyingine duniani iliyokuwa na shule zilizofungwa, zima au nusu, kwa muda mrefu kupita huo.

Katika miezi hiyo kila mzazi alifanywa mwalimu, apende asipende. Kituo cha Taifa cha Kukuza Mitaala (NCDC), kilichoko Kyambogo, kilitayarisha masomo ya kusomea nyumbani. Masomo mengine yalichapwa magazetini, mengine yakatangazwa kwa redio na televisheni. Familia zilizokuwa na utaratibu, hata zile zilizokuwa na redio moja tu na daftari chache, zilivuka salama kuliko zile zilizongoja. Lakini wapo watoto wengi waliopotea katika kipindi hicho: wasichana waliopata mimba, wavulana waliokwenda kuponda kokoto au kuchuuza barabarani, ambao hawakurudi madarasani tena. Shule zilipofunguliwa wanafunzi walipandishwa darasa bila kujali walichokuwa wamekipata, na walimu wakakuta katika darasa moja mtoto anayesoma vizuri na mwenziwe aliyesahau hata herufi.

Basi miaka ile miwili ilitufunza mambo mawili kwa pamoja. Ilitufunza kwamba mtoto aweza kujifunza nyumbani. Tena ilitufunza kwamba mtoto kukaa nyumbani na mtoto kusomeshwa nyumbani ni mambo mawili yasiyofanana hata kidogo.

KWA NINI ASKARI

Mfanyakazi wa kawaida huweza kuishi Nateete miaka ishirini, na wanawe wakamaliza shule ile ile waliyoianza. Askari hana hakika hiyo. Leo yuko Gulu, kesho Mbarara, keshokutwa Moroto. Wanajeshi wa Uganda wamekuwa wakienda Somalia tangu Machi 2007, na wake zao wamebaki na watoto, wengine kambini na wengine katika nyumba za kupanga.

Zaidi ya hayo kuna suala la lugha. Tangu mwaka 2007, madarasa matatu ya kwanza ya shule ya msingi hufuata mtaala wa mada, ambao huagiza mtoto afundishwe kusoma na kuandika kwa lugha ya mahali anapoishi. Darasa la nne ni daraja la kuvukia, kisha Kiingereza hushika usukani. Huo ni mpango mwema kwa mtoto asiyehama. Lakini mtoto wa askari aliyeanza kusoma kwa Kiacholi Gulu, akahamishiwa Nateete katika darasa la pili, atakutana na Kiganda sokoni na uwanjani, na Kiingereza darasani, kwa maana shule nyingi za mjini hufundisha kwa Kiingereza tangu mwanzo kwa kuwa watoto wake wametoka makabila mengi. Mtoto huyo hunyamaza. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi aweza kudhani kwamba ni mjinga, kumbe amebadilishiwa lugha tu.

Kwa familia ya namna hiyo, mwaka mmoja au miwili ya kusomea nyumbani huonekana kuwa dawa. Yaweza kuwa dawa kweli. Lakini kila dawa ina kipimo chake, na anayeinywa bila kipimo hujidhuru.

SHERIA INASEMAJE

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika kifungu cha 30, yasema kila mtu anayo haki ya kupata elimu. Kifungu cha 34 chasema mtoto anastahili elimu ya msingi, na kwamba elimu hiyo ni jukumu la serikali na la wazazi wake. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 ikafanya elimu ya msingi kuwa ya lazima kwa mtoto wa kuanzia miaka sita, nayo ni ya miaka saba.

Askari alitazame neno hilo "lazima" kama anavyolitazama katika amri ya kazi. Mzazi hana idhini ya kusema, "Mtoto wangu hatasoma." Tena asidhani kwamba akimwondoa mtoto shuleni kwa maneno ya "namfundisha mwenyewe" wajibu huo umemwondokea. Wajibu umeongezeka, kwa kuwa sasa hakuna mwalimu mkuu wala mkaguzi anayemsaidia kuubeba. Sheria yenyewe imejengwa juu ya shule zilizosajiliwa na walimu waliosajiliwa. Kwa hiyo familia inayotaka kufuata njia hii yafaa ianze kwa ofisi ya elimu ya wilaya au ya mji, ieleze nia yake wazi, na ipate ushauri kabla ya kumwondoa mtoto shuleni. Njia inayofuatwa mchana haimtii mtu hofu anapoulizwa na konstebo wa doria.

MITAALA MITATU

Sasa tuje kwenye uchaguzi wenyewe. Familia zinazosomesha nyumbani katika Kampala aghalabu hukuta mbele yao mitaala mitatu.

Wa kwanza ni mtaala wa taifa letu, uliotungwa na NCDC. Vitabu vyake hupatikana madukani, na kwa bei ya mitumba katika mitaa ya Kampala. Katika madarasa matatu ya mwanzo masomo hupangwa kwa mada: shule yetu, nyumba yetu, jamii yetu, chakula, usafiri, na nyinginezo. Mojawapo ya mada za darasa la kwanza ni "Amani na Usalama". Hakuna mzazi anayeweza kuifundisha mada hiyo vizuri kuliko askari! Mwishoni mwa darasa la saba mtoto hufanya mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, PLE, wenye karatasi nne: Kiingereza, Hesabu, Sayansi, na Maarifa ya Jamii pamoja na Elimu ya Dini. Kila karatasi hupewa daraja la 1 hadi la 9, na jumla iliyo bora kabisa ni 4.

Wa pili ni mtaala wa Kiingereza wa Cambridge, unaofuatwa na shule za kimataifa. Ni mtaala mzuri, nao hutambuliwa katika nchi nyingi. Lakini vitabu vyake ni ghali, na ada zake za mitihani humlemea mtu wa mshahara wa kawaida.

Wa tatu ni ule wa Kikristo uitwao ACE, ulioanzishwa katika jimbo la Texas, Marekani, mwaka 1970. Mtoto hupewa vijitabu vidogo vidogo, husoma kwa mwendo wake mwenyewe, hujisahihisha kwa kufuata ufunguo wa majibu, na hufanya jaribio kabla ya kupewa kijitabu kingine. Wazazi wengi wasio walimu huupenda kwa sababu kazi ya kufundisha imekwisha kuandikwa ndani ya kijitabu. Upungufu wake ni huu: mifano mingi ni ya Marekani, na mtoto aweza kuzijua hali za huko kabla hajaujua mto Nile unatokea wapi.

Mzazi achague upi? Wengi huanza kwa kuuliza, "Upi ni rahisi kufundisha?" au, "Upi una sifa kubwa?" Maswali hayo yanakuja mapema mno. Swali la kwanza ni hili: mtoto huyu atatokea mlango gani? Kamanda hapangi safari kwa kutazama njia iliyo nzuri machoni. Hutazama anakokwenda, kisha akachagua njia ifikayo huko.

Ikiwa nia ni mtoto arudi katika shule ya sekondari ya serikali hapa Uganda, hana budi kupita mlango wa PLE. Mtihani huo husimamiwa na Baraza la Taifa la Mitihani, UNEB, na mtahiniwa husajiliwa kupitia kituo cha mtihani kinachotambuliwa. Mtoto aliyesomea vijitabu vya Marekani miaka saba aweza kuwa hodari sana, lakini akiketi mbele ya karatasi ya Maarifa ya Jamii ya Uganda ataona maswali kama ya nchi ya kigeni. Mzazi aliyengoja mpaka mwaka wa mtihani ndipo atafute kituo amekwisha kuchelewa. Yafaa azungumze na mwalimu mkuu wa shule yenye kituo tangu darasa la tano au la sita.

Katika sekondari mambo ni mazito zaidi. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza kwa kidato cha kwanza mwezi Februari 2020, na watahiniwa wake wa kwanza walifanya mtihani mwaka 2024. Katika mtaala huo asilimia 20 ya alama za mwisho hutoka katika kazi ambazo mwanafunzi amepimwa shuleni miaka ile yote, na asilimia 80 hutoka katika mtihani. Ni dhahiri kwamba mwanafunzi aliyejifungia nyumbani bila kushikamana na shule yoyote hana wa kumwandikia asilimia 20 hizo. Ndiyo maana twasema kwa mzazi wa kawaida asiye na fedha za Cambridge: nyumba yaweza kutosha kwa elimu ya msingi, lakini katika sekondari lazima mtoto ashikamane na shule.

KISWAHILI KISISAHAULIKE

Lipo somo moja ambalo familia ya askari inaweza kulifundisha kwa wepesi kuliko majirani zake wengi. Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda. Katika mtaala mpya wa sekondari, Kiswahili ni somo la lazima kwa kidato cha kwanza na cha pili. Watoto wengi wa Kampala hukutana nacho hapo kwa mara ya kwanza, nao hukiogopa. Mtoto wa askari amekisikia tangu utoto.

Hata hivyo tusijidanganye. Kiswahili cha amri za gwaride na mazungumzo ya kantini hakitoshi kwa mtihani. Mtoto anayesema "kitabu yangu" nyumbani ataandika hivyo hivyo darasani. Baba na mama wajisahihishe kwanza wao wenyewe, wasome kitabu cha sarufi pamoja na mtoto, na kila siku watenge nusu saa ya kusoma kwa sauti. Hakuna aibu katika jambo hilo. Abasomi wa Nateete walijifunza herufi wakiwa watu wazima.

SIKU MOJA NYUMBANI

Turudi kwenye ua ule wa mfano wetu, tutazame siku inavyokwenda. Mama amka saa kumi na mbili kasorobo, mtoto humfuata. Huteka maji, hufagia ua, hunywa uji. Saa mbili kamili masomo huanza, na saa mbili kamili ni saa mbili kamili, si saa tatu kasoro. Hesabu hutangulia akili ikiwa bado mpya, kisha Kiingereza. Saa nne ni mapumziko. Baadaye huja Sayansi au Maarifa ya Jamii. Baada ya chakula cha mchana mtoto husoma Kiswahili na kazi za mikono, na jioni hucheza na wenziwe waliotoka shule.

Ile mizani ya maharage aliyoiona konstebo ilikuwa sehemu ya somo. Mama ana meza sokoni, na somo la vipimo hufundishika vema kwa mizani kuliko kwa picha. Mtoto hupima robo kilo, nusu kilo, kilo moja. Hupiga hesabu ya bei. Hutafuta chenji ya noti ya shilingi elfu kumi. Siku nyingine hupelekwa barabara ya Masaka kuhesabu magari ya kila namna kwa nusu saa, kisha huchora jedwali. Wakipita karibu na karakana ya reli ya Nalukolongo, hapo ndipo hupata maelezo ya safari ya reli kutoka Mombasa. Mji wenyewe ni kitabu, ikiwa mzazi anajua kuufungua.

Lakini hapo ndipo pia penye hatari. Leo mizani ni somo. Kesho mteja amekuja, mama ana shughuli, na mtoto huambiwa auze "kidogo tu". Wiki ikiisha mtoto ni muuzaji, na kitabu kimefunikwa na vumbi. Hakuna mzazi aliyekusudia iwe hivyo. Huja polepole, kama kutu katika silaha isiyosafishwa. Kinga yake ni ratiba iliyobandikwa ukutani, na mtu wa pili anayeikagua.

Mtu huyo wa pili ni nani, ikiwa baba yuko Karamoja? Ni baba huyo huyo. Simu ipo. Kila Jumamosi mtoto amsomee baba ukurasa mmoja kwa simu, ataje tarakimu alizopata katika majaribio, na baba aulize maswali mawili au matatu. Kufundishana kwa mbali si jambo jipya. Mjini Alice Springs, katikati ya Australia, tangu mwaka 1951 watoto wa mashamba ya mbali walifundishwa kwa redio za mawasiliano za madaktari warukao kwa ndege, na mwalimu aliwaita mmoja mmoja kama vile kituo kikuu kinavyoita vituo vyake. Askari wa mawasiliano ataielewa shule hiyo mara moja.

Mtoto asikoseshwe wenziwe pia. Anayesoma peke yake aweza kujua kusoma asijue kushindwa mchezo, kungoja zamu, wala kusamehe. Kwaya, madrasa, mpira wa jioni, na ziara kwa watoto wengine wasomao nyumbani ni sehemu ya mtaala, hata kama hazikuandikwa kitabuni.

DAFTARI LENYE TAREHE

Kitu kimoja kinapita vyote kwa manufaa, nacho ni daftari la kumbukumbu. Kila siku huandikwa tarehe, somo lililofundishwa, ukurasa, na alama. Kila mwisho wa muhula mtoto hupewa jaribio lililotungwa na mtu mwingine asiye mama yake, kama vile mwalimu wa shule ya jirani, na karatasi hiyo huhifadhiwa. Askari anajua thamani ya kitabu cha matukio kilichoandikwa kila siku. Kisichoandikwa hakina shahidi.

Siku amri ya uhamisho itakapokuja, familia itabeba daftari hilo pamoja na magodoro. Mwalimu mkuu wa shule mpya hataliuliza kabila la mtoto wala kisa cha wazazi. Atafungua daftari, atampa mtoto jaribio, na atajua amweke darasa gani. Bila daftari, mtoto huweza kurudishwa nyuma miaka miwili, akaketi na wadogo zake, akaona haya, na mwisho akaacha shule. Hasara hiyo ndiyo tunayotaka kuizuia.

KONSTEBO AFANYE NINI

Na sasa tumjibu konstebo tuliyemwacha amesimama uani. Yeye si mkaguzi wa elimu, wala mama yule si mshitakiwa. Hata hivyo, kwa adabu, aweza kuomba mambo manne. Aone daftari lenye tarehe za wiki hii. Aone kitabu cha mtaala unaofuatwa. Amwombe mtoto asome mistari michache, maana sauti ya mtoto haiwezi kughushiwa. Na aulize: mtihani atafanyia kituo gani?

Mama mwenye majibu hayo atayatoa bila kusita, na konstebo atashukuru na kuendelea na doria yake. Lakini akikuta hakuna daftari, hakuna kitabu, na mikono ya mtoto ina sugu za kazi, basi ameona jambo jingine. Hapo asitumie vitisho. Amwone mwenyekiti wa LC 1, afisa wa ustawi wa jamii, na wenziwe wa Kitengo cha Ulinzi wa Mtoto na Familia cha polisi. Mara nyingi umaskini ndio uliomkalisha mtoto yule nyumbani, na msaada humrudisha shuleni upesi kuliko kesi. Kumbukumbu za miaka ya korona zatuonya kwamba mtoto anayekosa masomo hukosa kimyakimya.

Na konstebo huyo, akirudi kwake jioni na kuvua buti, ajiulize maswali yale yale manne juu ya wanawe mwenyewe, hata kama wanasoma shule nzuri kabisa. Afungue madaftari yao. Aone tarehe ya mwisho. Amwambie mdogo wao, "Mwanangu, hebu nisomee hapa." Wazazi wengi wenye watoto shuleni hawajafanya hivyo tangu muhula ulipoanza.